Vumbi la Mjane

Binti yangu alipomleta mtoto wake kwangu Ngokolo kwa likizo ya Desemba, aliniachia maagizo akiwa bado amesimama mlangoni, mkoba begani. Mtoto alale ndani ya chandarua. Asinywe maji ambayo hayajachemshwa. Asivuke barabara peke yake kwenda dukani, maana bodaboda wa mtaa ule hawatazami mbele. Niliitikia kila agizo kwa kichwa, kama mzee anayejua kwamba sasa yeye ndiye wa kuagizwa. Kisha akaongeza, kwa sauti ileile ya chandarua na maji:

"Na habari za pesa na sadaka, baba, usimfundishe. Hizo niachie mimi."

"Hata kumpa ya kutoa Jumapili?"

"Hata hiyo."

Hakuwa amekasirika. Alimbusu mwanawe, akanipa dawa zangu za presha za miezi miwili, akapanda bajaji kwenda stendi kurudi Geita, ambako ana duka la dawa. Nilibaki nimemshika mkono mtoto wa miaka minane ambaye kwa wiki nzima nilikuwa nimepanga kumfundisha jambo lile lile nililokatazwa. Mke wangu hayupo tena, na mjukuu ni huyu mmoja. Nilitaka, kabla sijaondoka duniani, awepo mtu mmoja ambaye mimi nilimfundisha kutoa na hakuumizwa na mafundisho yangu. Binti yangu alinikatalia, na alikuwa na haki. Naandika haya ili mzazi mwingine aone haki hiyo ilitoka wapi.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilikuwa na karasha pale Segese. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wachimbaji huleta mawe yao kwenye viroba, mashine inayasaga yawe unga, unga unaoshwa kwenye mwalo, ubao wa mteremko wa kukamatia dhahabu. Mchimbaji anaondoka na dhahabu yake. Mchanga uliokwishaoshwa, ambao tunauita marudio, unabaki kuwa mali ya mwenye mwalo, kwa kuwa bado una dhahabu kidogo ndani yake. Hiyo ndiyo desturi, na ndiyo iliyonijengea nyumba ninayoishi leo.

Lakini karasha linatimua vumbi. Vumbi linatua juu ya turubai, juu ya kuta za mabanzi, juu ya kope za watu, nalo pia lina dhahabu ya kutafutwa kwa shida. Kwetu vumbi halikuwa na mwenyewe. Wanawake wanne au watano walikuwa wakija kulifagia mashine ikizimwa, wanaliosha kwenye beseni, wanapata pointi moja ya dhahabu, yaani sehemu ya kumi ya gramu, au wanakosa, na maisha yanaendelea.

Nilikuwa mzee wa kanisa. Jumapili mchana, baada ya chakula, nilikuwa na kawaida ya kusoma Biblia na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tatu. Siku moja tulisoma pale mvunaji anapoamriwa asimalize pembe za shamba lake, ila amwachie maskini na mgeni. Mtoto alifikiri, akaniuliza:

"Sisi hatulimi, baba. Pembe zetu ziko wapi?"

Nilifurahi mno. Niliona kwamba nimepata mtoto anayesikia. Nikafikiri kidogo, nikasema, "Pembe zetu ni vumbi."

Kesho yake alipotoka shule nikampeleka karashani. Nikamwonyesha wale wanawake, nikamwambia achague mmoja. Akamchagua mjane aliyetoka Maganzo, ambako mumewe alifukiwa na kifusi akitafuta almasi. Nilimuuliza kwa nini yule. Akasema, "Ndoo yake imetoboka, ameiziba kwa sabuni." Nikamwambia aende akamwambie mwenyewe. Alisimama mbele ya yule mama, mikono nyuma kama yuko mbele ya mwalimu, akamwamkia kwa neno la Kisukuma la mama.

"Shikamoo mayu. Baba amesema vumbi lote la hapa ni la kwako. La siku zote."

Hayo ya siku zote yalikuwa yake. Mimi sikuyasema, lakini pia sikumsahihisha. Yule mama alipiga goti, akasema wabeja, wabeja, yaani asante, akinitazama mimi na si mtoto. Wanawake wengine niliwaambia watafute kwingine. Nakumbuka mmoja aliokota ufagio wake, akaondoka na mtoto mgongoni bila kugeuka. Wakati ule sikumhesabu huyo kama sehemu ya ukarimu wangu. Leo namhesabu.

Habari ile niliisimulia katika ushirika wa nyumba kwa nyumba, kisha kanisani. Mchungaji akaniomba niendeshe semina ya wazazi kuhusu kuwalea watoto katika mambo ya fedha. Nilivaa suti. Nilisema kwamba mtoto hafundishwi kutoa kwa maneno, anafundishwa kwa kutoa, na nikamtaja binti yangu akiwa ameketi pale pale benchi la mbele. Watu waliandika kwenye madaftari. Yeye alitazama viatu vyake, na mimi nikasema moyoni, huyu mtoto ni mnyenyekevu.

Mwaka uliofuata tulianza kuezeka kanisa jipya. Siku ya harambee wanaume walisimama mmoja mmoja kutaja watakachotoa. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi alisimama akataja kiasi kikubwa, akapigiwa vigelegele. Zamu yangu ilipofika nikasema nitaezeka upande mzima wa mashariki. Vigelegele vyangu vilikuwa virefu kuliko vyake. Nilipoketi, mke wangu alininong'oneza, "Umepima huo upande?" Sikuwa nimepima.

Ndipo akaja mnunuzi mmoja wa marudio kutoka mjini, aliyekuwa amejenga mtambo wa kutoa dhahabu kwa kemikali. Alizunguka marundo yangu, akapitisha kidole juu ya turubai, akakitazama juani.

"Na hili unalipeleka wapi?"

"Nimempa mjane mmoja."

"Lote?"

"Lote."

Akajifuta kidole kwenye suruali. "Mzee, wewe unagawa dhahabu ukidhani unagawa uchafu. Nikusanyie. Nitalinunua kwa bei ya marudio."

Maneno yale yalinionyesha nilivyo, ingawa wakati ule niliona yamenionyesha biashara tu. Kweli nilikuwa nagawa uchafu. Nilipokuwa naamini ni uchafu, kutoa kulikuwa rahisi, hata nikaendesha semina. Niliposikia lina bei, mkono wangu ulijifunga. Na nilikuwa na sababu nzuri ya kuufunga, kwa sababu kulikuwa na kanisa la kuezeka.

Nilimwita binti yangu.

"Kamwambie yule mama kwamba kuanzia kesho vumbi ni la kanisa."

"Lote?"

"Lote. Ni mali ya Mungu sasa."

"Si ilikuwa ya Mungu tangu mwanzo, ndiyo maana tukampa?"

"Usibishane. Nenda. Wewe ndiye uliyemwambia la siku zote. Mimi sikusema hivyo."

Kila nikifika kwenye sentensi hiyo nasimama. Nilimtuma mtoto wa miaka kumi kwa sababu niliona aibu kwenda mwenyewe, na aibu yangu nikaigeuza kuwa kosa lake. Nilisimama nyuma ya pipa la dizeli nikatazama. Alisema maneno machache, kisha akaanza kulia. Yule mama aliweka ufagio chini, akamshika kidevu, na kwa kuwa mashine ilikuwa imezimwa niliyasikia maneno yake: "Haya mayu, nyamaza. Siyo wewe."

Vijana wa viroba nao walisikia. Mmoja akapaza sauti, "Mzee wa kanisa! Na moshi wa jenereta nao unalipa zaka?"

Mwingine akasema, "Pumueni taratibu jamani, hewa ya mzee hiyo, atatupelekea bili."

Wakacheka. Na mimi nikacheka nao, ili nionekane ni mtu wa utani.

Kama mwezi ulipita. Kijana niliyemweka kukusanya vumbi akaniambia kuna kona ambayo kila siku anaikuta imefagiwa. Nikavizia. Binti yangu alikuwa anapitia karashani akitoka shule, kama kawaida yake, kunisalimia. Siku hiyo alipoaga nikaona mkoba wake wa madaftari unamvuta bega. Nikaufungua. Chini ya madaftari kulikuwa na kopo la siagi, limejaa vumbi, limefungwa kwa mfuko wa nailoni ili lisimwagike.

"Unalipeleka wapi?"

"Kwa mayu."

"Huu ni wizi."

Akanitazama. Hakuwa mtoto wa kujibu wakubwa, na sauti yake haikuwa ya jeuri. Alikuwa anauliza kweli, kama alivyouliza siku ile ya pembe za shamba.

"Nimeiba cha nani, baba?"

Mimi nilikuwa mtu mwenye hasira za karibu pale nisipokuwa na jibu. Nilimchapa kwa kipande cha mkanda wa mashine, mbele ya wafanyakazi. Mmoja wa wale vijana wa utani aligeuka akaenda zake mwaloni.

Ningeishia hapo lingekuwa kosa la baba mwenye hasira, na yako mengi. Sikuishia hapo. Nilikuwa mwalimu wa wazazi, na niliona jambo lile lisipokemewa hadharani watu watasema semina yangu ilikuwa ya bure. Jumapili nikampeleka Shule ya Jumapili, chini ya mabati mapya ambayo bado yalikuwa yanang'aa, akasimama mbele ya watoto wenzake akasema, "Niliiba mali ya Mungu. Naomba mniombee." Maneno hayo nilimwandikia mimi kwenye karatasi, naye akayakariri kama shairi la shule. Mwalimu wao, dada mmoja kijana, aliinamisha uso mpaka alipomaliza. Watoto wawili walicheka, kisha wote wakafumba macho kumwombea.

Jioni ile mke wangu aliniuliza, "Umemfanya nini huyu mtoto?"

Nikamwambia, "Nimemfundisha."

Yule mjane aliondoka Segese kabla ya mvua. Walisema ameelekea upande wa Geita, kuponda mawe ya magwangala, yale mabaki ambayo migodi mikubwa huyamwaga na watu wakayachambua upya kutafuta dhahabu. Mimi nilimaliza kuezeka upande wa mashariki, na siku ya uzinduzi nilipewa kiti cha mbele.

Binti yangu hakuniasi. Natamani angeniasi, tungegombana yakaisha. Alisoma vizuri, aliniamkia kila asubuhi, alimuuguza mama yake mpaka mwisho. Mimi ananilipia bima, ananitumia hela ya chakula, na paa langu lilipovuja alituma fundi kabla sijamaliza kueleza. Kitu kimoja tu kilibadilika. Tangu ile Jumapili, kapu la sadaka lilipomfikia alikuwa anaachia nilichompa bila kutazama, kama mtu anayetupa ganda la muwa. Alipoanza kujitegemea, kapu likimfikia analipitisha kwa jirani bila kuweka kitu. Nilimsikia shemasi mmoja akisema, "Baba mtoaji vile, binti bahili." Nilikuwa nimesimama karibu. Sikumtetea.

Basi Desemba hii nikaenda kanisani Ngokolo na mjukuu wangu, bila kitu mkononi mwake, kama nilivyoagizwa. Kapu lilipokaribia akaninong'oneza, "Babu, mimi natoa nini?"

"Mama yako amesema ngoja."

Bibi mmoja aliyekaa kando yetu, tuliyezoeana naye kwa utani, alisikia. "Loo, mzee! Mpaka kwa mjukuu unabana?" Akafungua fundo la kanga yake, akatoa sarafu, akampa mtoto. Mtoto aliitazama ile sarafu kiganjani, akanitazama mimi, akamrudishia kwa mikono miwili. "Asante bibi. Mama atanipa."

Bibi akacheka, akasema huyu amemrithi babu yake. Sikucheka. Nilitoka pale nimeamua kufanya nililopaswa kufanya zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Jumapili iliyofuata nilimwacha mtoto kwa mpangaji wangu, mama mmoja muuguzi, nikaondoka alfajiri kwa basi la Kahama, na kutoka Kahama nikashika gari la Segese. Kanisa ni lile lile, limepakwa rangi. Mchungaji ni kijana nisiyemjua. Wakati wa shuhuda nikaomba nafasi, nikasimama mbele, nikasema yote: vumbi, mjane, mabati, mkanda, karatasi niliyomwandikia mtoto. Nikasema, "Binti yangu hakuiba. Mimi ndiye niliyeiba, nikamtwisha yeye." Sikutaka kukaa mpaka nimemaliza.

Wakapiga makofi.

Sikulitegemea hilo. Walipiga makofi, wakasema Bwana asifiwe, mama mmoja akapiga kigelegele. Mchungaji akanishika bega, akawaambia vijana wajifunze unyenyekevu kwa wazee wa namna hii. Kulikuwa na mtu anayenirekodi kwa simu. Nje, baada ya ibada, mama mmoja mkulima akanipa kuku, akisema ameguswa. Nilikataa mara mbili, akasikitika, nikapokea. Nilirudi Ngokolo na kuku wa Segese, na njia nzima nilijisikia kama siku ya ile semina. Ni kweli, sehemu yangu ilifurahi. Nimeahidi kusema ukweli, na huo ni ukweli.

Wiki mbili baadaye binti yangu akaja kumchukua mtoto. Nilimsubiri amalize chai. Alikuwa uani anakunja nguo za mtoto, nami nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nilikwenda Segese," nikamwambia. "Nimesimama mbele ya kanisa. Nimesema hukuiba."

Aliendelea kukunja. "Wakasemaje?"

"Walimshukuru Mungu."

"Walipiga makofi?"

"Walipiga."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi sikupigiwa."

"Najua, mama."

Akatazama kona ya ua. "Na huyo kuku mgeni?"

"Nilipewa huko."

Hapo akacheka, kicheko kifupi cha puani, kama cha marehemu mama yake. "Baba, wewe hata dhambi yako inakuletea kuku."

Nilicheka na mimi, nikaacha, maana yeye alikuwa ameshaacha.

"Waliokuwepo siku ile hawakuwepo siku yako," akasema. "Watoto wale sasa ni watu wazima, wako huko na huko. Umewaambia watu wengine. Na yeye, ulimtafuta?"

"Nani?"

"Mayu."

"Sikujua alipo. Nilidhani alishafariki."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

Akaweka nguo kwenye mkoba, akakaa juu ya kizingiti. Aliniambia kwamba yule mama yuko Geita. Alimkuta miaka minane iliyopita, alipokuja dukani kununua dawa ya kikohozi akiwa na hela isiyotosha, na binti yangu hakumtambua mpaka yule mama alipomwita mayu, kama zamani. Sasa hatoki kitandani. Mapafu yamekwisha. Daktari aliitazama picha ya kifua akauliza amefanya kazi gani maisha yake.

"Ni vumbi la mawe," binti yangu akasema.

"La kwangu?"

"Nani atajua, baba? La kwako, la makarasha mengine. Alifagia mengi baada ya kwako."

Nilikuwa nimekuja na toba ya kumnyang'anya vumbi. Sikuwahi kufikiri juu ya kumpa. Nilimpa mtu maskini kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa najifunga kitambaa puani nikikipita, nikamleta mtoto wangu ashuhudie na aone kwamba huo ndio upendo. Nilitaka kumwambia binti yangu hayo, lakini uso wake ulionyesha kwamba ameyafikiria siku nyingi kabla yangu.

"Nipeleke nikamwone," nikasema.

"Nilishamuuliza. Mwaka ule tulipomzika mama. Akasema hana neno nawe, ila asikuone."

"Muulize tena."

"Hapana. Amechoka." Akasimama. "Mtoto nitakuletea kila likizo. Anakupenda. Atakusomea, utamsimulia. Ila lile nililokuomba liko palepale."

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe zamani, baba. Simwachi mwanangu kwenye lile somo, basi."

Wakaondoka kwa gari la saa nne. Yule kuku hawakukubali kumchukua.

Jumamosi iliyopita nilipiga simu Geita, akapokea mjukuu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Anafunga mzigo. Tunatoka. Mimi nabeba uji, yeye anabeba dawa."

Halafu akanyamaza ghafla, kama mtu aliyejikwaa.

"Mnampelekea nani?" nikauliza.

"Hiyo hatusemi, babu."

"Hata kwangu?"

Akaweka simu pembeni. Nikasikia akiuliza, nikasikia sauti ya binti yangu ikijibu, lakini maneno sikuyapata. Mtoto akarudi.

"Hata kwako."

Nikamwambia vizuri, amfuate mama yake, auangalie uji usimwagike. Akasema haya, akaniaga mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuwa na hakika kama nimesikia, kisha akakata.